Mwamba Nao ni Shamba

Ndugu wakulima, leo tutoke kidogo shambani twende pwani, kule ambako mwambao ni mawe matupu na udongo ni haba. Watu wa huko waliishije? Walilima kidogo, na bamvua likifika walishuka kuvuna mwamba.

Kazi hii ni ya zamani. Katika karne ya kwanza, mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyetoka Misri aliandika habari za kisiwa alichokiita Menuthias. Wataalamu hudhani ni Pemba, Unguja au Mafia. Alieleza kwamba wenyeji walinasa kasa kwa makapu waliyoyatega kwenye mapito ya maji, badala ya nyavu. Dema na uzio wa siku hizi ni akili ile ile: maji yenyewe ndiyo yanayofanya kazi.

Mkulima hutazama mawingu. Mvuvi wa miguu hutazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana na mwamba hubaki wazi kwa saa chache. Hapo kina mama hushuka na vijiti kuchokoa pweza matunduni.

Basi mambo yakabadilika. Baruti ilipigwa marufuku Tanzania kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, lakini wengine waliendelea kuipiga. Mlipuko mmoja huvunja matumbawe yaliyokua miaka mingi, na juu ya kifusi kinachosogea matumbawe machanga hayashiki. Miaka ya 1990 wakaja wanunuzi wa pweza wa kupeleka ng'ambo. Wanaume wakazamia kwa miwani, na kina mama wakabakiwa na mashimo matupu.

Dawa yake mkulima anaijua: kupumzisha shamba. Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa. Pweza hukua upesi, kwa hiyo walipofungua walikuta wakubwa. Baadaye baadhi ya vijiji vya Pemba navyo vikafunga miamba yao kwa zamu.

Kwa hiyo, ndugu unayelima karibu na pwani, ukimkuta pweza jike amelalia mayai, mwache. Hutaga mara moja tu maishani, kisha hufa. Na kikao cha kijiji kikipanga siku za kufunga mwamba, kina mama wawepo, maana shamba hilo ni lao tangu zamani.