Mchujo wa udaktari huanzia kidato cha tatu

Mtoto wa Mofu, katika bonde la Kilombero mkoani Morogoro, anayetaka kuwa daktari hana haja ya kwenda mbali kuona mahali madaktari wanapofundishwa. Ifakara, mji wa bonde hilohilo, kuna chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya cha Mtakatifu Fransisko, kilichoanza mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kando ya hospitali ya rufaa yenye jina hilohilo. Njia ya kukifikia, au ya kufika chuo cha Muhimbili, ndiyo yenye michujo, na mingi hupita kabla mwanafunzi hajafikiria chuo.

Mchujo wa kwanza haupigiwi kelele. Baada ya upimaji wa kidato cha pili, shule nyingi zimezoea kumwachia mwanafunzi wa kidato cha tatu aamue kama ataendelea na Fizikia na Kemia. Wengi hukimbia, hasa pale mwalimu wa somo ni mmoja na maabara ni jina tu. Anayekimbia amejifungia tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, hata akipata daraja la kwanza. Daraja hilo, pointi 7 hadi 17, huhesabu masomo saba bora. Halisemi ni yapi.

Ndiyo maana fomu ya uchaguzi, Selform, inayojazwa kidato cha nne, isijazwe kwa kufuata marafiki. TAMISEMI huitumia kupanga wanafunzi wa kidato cha tano na vyuo vya kati. Wenye ufaulu wa juu kabisa huweza kupelekwa shule za vipaji maalumu, na mkoa wa Morogoro unazo mbili: Mzumbe ya wavulana na Kilakala ya wasichana. Tangu 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi cha sita, lakini nauli, godoro na madaftari bado ni vya mzazi.

Kalenda ya bondeni nayo ina neno lake. Familia nyingi za wakulima wa mpunga huhamia mashambani msimu wa kilimo, wakilala kwenye vibanda mbali na kijiji mpaka mavuno. Mwanafunzi ama huwafuata na kukosa vipindi, ama hubaki akijipikia na kulea wadogo zake. Mitihani ya kidato cha nne huja Novemba, mashamba yakianza kuandaliwa. Kwa maoni yangu, bweni au jamaa wa kumkalisha karibu na shule humfaa mtoto huyu kuliko tuisheni ya wiki mbili za mwisho.

Kidato cha sita alama hugeuka pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Digrii nyingi zinataka masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Udaktari unataka kufaulu masomo yote matatu ya PCB, tena ufaulu huo ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi ni chache, na wenye pointi nyingi hutangulia. Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, si kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Aliyekosa kidato cha tano hajafungiwa. Stashahada ya utabibu yenye GPA ya 3.0 au zaidi hufungua mlango wa udaktari, ila chuo kitarudi kukagua alama zake za sayansi za kidato cha nne. Njia zote mbili zinapita palepale, kwenye uamuzi ule wa kidato cha tatu.

Mzazi, cheti cha kuzaliwa cha RITA kishughulikiwe mapema, na majina yalingane na ya cheti cha NECTA. Bodi ya Mikopo huvitaka vyote viwili mtoto akiomba mkopo wa chuo.