Nyundo ya Hoxne: Juu ya Vitu vya Kale Vifukuliwavyo Katika Ardhi za Watu

Katika mwezi wa Novemba, mwaka wa 1992, mkulima mmoja wa kijiji cha Hoxne, jimbo la Suffolk, Uingereza, alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, mtunza bustani aliyekwisha kustaafu, amsaidie kuitafuta kwa chombo chake cha umeme, kile ambacho hulia kinapopita juu ya metali iliyofichika ardhini. Chombo kililia, lakini kilichotoka udongoni hakikuwa nyundo, bali vijiko vya fedha na sarafu za dhahabu. (Nyundo nayo ilipatikana, na siku hizi imo katika British Museum, London, pamoja na hazina iliyoonekana kwa ajili yake.)

Magazeti huipenda sana habari hiyo ya nyundo, wala si ajabu. Lakini kwa mwanahistoria jambo kubwa la siku ile si bahati, bali ni kule kuacha kuchimba. Yule mtafutaji alipokwisha kuona vitu vya kwanza alizuia mkono wake. Yeye na mkulima wakawapasha habari polisi na halmashauri ya jimbo, ambayo ndiyo iliyokuwa na milki ya ardhi ile. Siku ya pili yake wataalamu wa mambo ya kale walifika, wakachimba kwa siri na kumaliza kwa siku moja; na baadhi ya vitu walivitoa pamoja na bonge la udongo ulioviganda, ili vifunuliwe polepole baadaye.

Zilihesabiwa sarafu 14,865 za dhahabu, fedha na shaba, na vitu vipatavyo 200 vya mezani na vya kujipambia. Hesabu hiyo, hata hivyo, ingaliweza kupatikana kwa jembe. Ambacho jembe lingalikiharibu ni mpango wa vitu. Mbao za sanduku zilikuwa zimeoza; lakini kwa mabaki machache ya mwaloni, na kwa jinsi kila kitu kilivyolala mahali pake, lilitambulika sanduku lenye urefu wa sentimita 60 hivi, na ndani yake visanduku vidogo vilivyokuwa na makufuli ya fedha. Vyombo vilikuwa vimepangwa kwa uangalifu na kutiwa nyasi kavu katikati yake. Basi aliyefukia hakutupa mali yake huku akikimbia. Aliifunga kama mtu anayetaraji kurudi. Na jambo hili lilikuwa na uzito hata mbele ya sheria, maana sheria ya zamani ya Kiingereza ilisema kwamba dhahabu na fedha iliyofichwa kwa nia ya kuichukua tena ni mali ya ufalme. Katika mwaka wa 1993 hazina ya Hoxne iliamuliwa kuwa ya namna hiyo, na aliyeivumbua akalipwa pauni 1,750,000, akagawana na mkulima. Sheria mpya ya mwaka wa 1996 haikuendelea kuuliza nia ya mfukiaji.

Sarafu za mwisho katika sanduku hilo zilipigwa mwaka wa 407 au 408, yaani katika miaka ile ambapo utawala wa Kirumi ulikuwa ukiiacha Uingereza. Karibu sarafu zote za fedha zimekatwa kingo, na waliozikata walijihadhari wasikiguse kichwa cha mfalme. Twaona hapo nchi ambayo haipokei tena sarafu mpya, na watu wake wanazipunguza zile zilizobaki ili fedha itoshe.

Mwanafunzi wa lugha naye hakuachwa mkono mtupu. Vijiko kumi vina jina la Aurelius Ursicinus, ambaye haijulikani kama ndiye aliyekuwa mwenye mali. Bangili moja ya dhahabu imetobolewa herufi za Kilatini zenye maana karibu na kusema, "Itumie kwa heri, Bibi Juliana." Jina hilo limeandikwa Iuliane, ilhali Kilatini cha vitabuni, katika kumwita mtu, kingetaka Iuliana. Vimo pia vyombo vinne vya kuwekea pilipili manga, na pilipili hiyo ilitoka Bara Hindi, ikapanda Bahari ya Shamu mpaka Misri. Hata meza ya tajiri wa Suffolk, basi, ilitegemea pepo za bahari yetu.

Kisa kinachofanana na hicho, ingawa ni kidogo zaidi, kilitokea mwaka wa 2023 katika kisiwa cha Jomfruland, Norwei. Watu wa nyumba moja walikuwa wakitafuta kipuli cha dhahabu katika bustani yao, wakapata bizimu ya mviringo na kitu kingine, vya karne ya 9, ambavyo yadhaniwa vilizikwa pamoja na mwanamke. Nao waliacha kuchimba, wakawaita wenye mamlaka. Huko Norwei vitu vya namna hii vilivyo vya kabla ya 1537 ni mali ya serikali. Na Tanzania Bara sheria ya mwaka wa 1964 yalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Katika pwani ya Afrika Mashariki faida ya kuona vitu pamoja yadhihirika vizuri zaidi huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Wataalamu waliochimba hapo mwaka wa 1984 walipata sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani, miongoni mwao Ali bin al-Hasan. Sarafu hizo hazina tarehe hata moja. Lakini pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za nchi za ng'ambo, ambazo zina tarehe, na ya mwisho ni ya mwaka wa 1066. Neville Chittick alikuwa amemweka sultani mwenye jina hilo mwishoni mwa karne ya 12; dinari hizo zamrudisha nyuma karne nzima. Lau mtu angalitangulia kuokota dhahabu na kuiuza kwa sonara, na kuiacha fedha, elfu mbili zile zisingalikuwa na neno la kujibu.

Hali hiyo ndiyo ya sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka wa 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia, na askari aliyewekwa huko wakati wa vita. Aliziokota mchangani pamoja na sarafu nne za Kiholanzi za karne ya 17 na ya 18, akaziweka, na asili yake haikujulikana mpaka mwaka wa 1979. Wengine wanasema zililetwa na Wareno, wengine wavuvi wa majongoo bahari kutoka Makassar, wengine Waholanzi. Na wako wanaotaka iwe ni jahazi la Kilwa lenyewe, ingawa ushahidi wa dai hilo ni mwembamba mno. Yule askari alikuwa ametia alama katika ramani. Mwaka wa 2013 wataalamu waliifuata alama hiyo mpaka pwani ya Marchinbar, wakatafuta, wasipate sarafu nyingine.