Kana

Ukisema *kana* sokoni Sultan Hamud, Mkamba ataelewa mtoto. Ukilisema Japani, wataelewa herufi: hiragana na katakana, mifumo miwili ambayo kila mmoja una alama 46 za msingi. Mtoto wa Kijapani huanza kusoma kwa kana, na anayejifunza lugha hiyo hana njia bora zaidi.

Mswahili ana bahati hapa. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, a, i, u, e, o, na alama nyingi huwakilisha silabi nzima: ka, ki, ku, ke, ko. Katakana ndiyo hutumika kuandika maneno ya kigeni. Toyota zinazopita hapa barabarani kutoka Mombasa huandikwa kwa alama tatu, to-yo-ta, lakini Probox huwa *purobokkusu*. Neno letu *safari* nalo limo katika Kijapani, kwa katakana.

Ugumu uko kwenye urefu wa sauti. *Obasan* ni shangazi, *obaasan* ni bibi. Konsonanti maradufu pia hushikiliwa kidogo, kama katika *mottainai*, neno la kusikitikia upotevu ambalo mwanamazingira Wangari Maathai alilijua Japani mwaka 2005 na kulieneza duniani.

Vitabu vinavyoandika Kijapani kwa herufi za Kirumi hurahisisha siku za kwanza, kisha humchelewesha mwanafunzi. Kijana unayetaka kuanza, viweke kando. Chukua daftari, andika hiragana kwa mkono huku ukizitamka kwa sauti, na kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, uziache kwanza.