Mtafiti wa Baada ya Uzamivu

Mtafiti wa baada ya uzamivu ni msomi mwenye shahada ya uzamivu anayeajiriwa kwa mkataba wa miaka michache afanye utafiti chini ya mtafiti mkuu, kabla hajapata maabara yake au ajira ya kudumu. Mwisho wa mkataba hapewi shahada nyingine, hivyo "shahada ya baada ya uzamivu" ni kosa. Maabarani, katika mazungumzo, wengi humwita postidoki tu.

Uzamivu umetoka katika kuzamia, kama usikivu ulivyotoka katika kusikia. Pwani, mtu huzamia lulu. Vijana wa bandarini nao huzamia meli, lakini hiyo ni safari ya namna nyingine. Kasoro ya istilahi imo katika "baada ya": mpiga mbizi akishaibuka hukaa ufukweni kupumzika, ilhali mtafiti huyu ndiyo kwanza anashuka kwenye kina kirefu zaidi. "Mtafiti mzamivu" lingekuwa jina fupi, ila lingemchanganya na mwanafunzi ambaye bado anaandika tasnifu. Jina refu, pamoja na kasoro yake, ndilo salama.

Kina hicho kinaonekana vizuri katika utafiti wa malaria. Bagamoyo kuna tawi la Taasisi ya Afya Ifakara, na miongoni mwa chanjo zilizojaribiwa hapo ni ile ya RH5, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford. RH5 ni protini ambayo kimelea cha malaria huitumia kujishikiza kwenye kipokezi kiitwacho basijini, kilicho juu ya chembe nyekundu ya damu, kabla ya kuingia ndani. Uhusiano huo ulitangazwa mwaka 2011. Mwanabayokemia huitenga protini na kutafuta sehemu yake inayoshika. Mwanabayofizikia hupima inashika kwa nguvu kiasi gani, na inachukua muda gani kuachia. Kingamwili ikiwahi kuiziba sehemu hiyo, kimelea hubaki nje. Vipimo vya aina hii huhitaji mikono iliyozoea mashine kwa miaka, na mara nyingi mikono hiyo ni ya postidoki.

Nchini Marekani nafasi za namna hii zilipata nguvu kuanzia mwaka 1919, fedha za Rockefeller zilipoanza kuwalipia wanafizikia na wanakemia vijana. Vyuo vikuu vya Tanzania vilifuata ngazi nyingine: mhadhiri msaidizi huenda kusomea uzamivu akiwa tayari mwajiriwa, akarudi kuwa mhadhiri. Pengo la kujazwa na postidoki halikuwapo, na jina lake likachelewa.

Jina hilo bado linafunika watu wawili. Yupo anayelipwa kutoka ruzuku ya mtafiti mkuu, ambaye ruzuku ikiisha na kazi imekwisha. Na yupo aliyeshinda ruzuku yake mwenyewe, anayeweza mara nyingine kuhama nayo. Wa pili anastahili kuitwa mtafiti mwenye ruzuku, hasa katika matangazo ya kazi.