Utambuzi wa hisia kwa kompyuta

Utambuzi wa hisia kwa kompyuta ni tawi la sayansi ya kompyuta linalohusu mashine zinazojaribu kubaini hali ya moyo ya binadamu, kama vile furaha, hasira, hofu au msongo wa mawazo, na kuitikia ipasavyo. Mashine haioni hisia yenyewe. Hupima dalili za nje, kisha hukisia hisia iliyo nyuma yake. Teknolojia hii hutumika katika saa janja, magari, huduma kwa wateja na uuguzi wa wagonjwa nyumbani.

Historia

Mwaka 1872 Charles Darwin wa Uingereza alichapisha kitabu kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen wa Marekani walitoa mfumo wa kuorodhesha mijongeo ya misuli ya uso.

Tawi lenyewe lilipata jina mwaka 1995 katika ripoti ya Rosalind Picard, mtafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliyetoa pia kitabu juu yake mwaka 1997. Mwaka 2009 Picard na Rana el Kaliouby, mwanasayansi mzaliwa wa Misri, walianzisha kampuni ya Affectiva. Kampuni hiyo ilinunuliwa mwaka 2021 na Smart Eye ya Uswidi, inayotengeneza vifaa vya kutambua dereva aliyechoka au asiyetazama barabara.

Jinsi inavyofanya kazi

Dalili zinazopimwa ni za aina nne:

- Uso: kamera hufuatilia nyusi, macho, mashavu na midomo.
- Sauti: programu hupima kasi ya usemi, nguvu ya sauti na kupanda au kushuka kwake.
- Mwili: vifaa vya kuvaa mkononi hupima mapigo ya moyo na kiasi ambacho ngozi inapitisha umeme. Mtu akishtuka, tezi za jasho hufanya kazi zaidi, ngozi hupata unyevu na kupitisha umeme kwa urahisi.
- Maneno: programu huchambua maandishi na kuyapanga kuwa ya kuridhika, ya kulalamika au ya kawaida.

Programu hufundishwa kwa mifano mingi ambayo watu wameipa majina ya hisia. Ikiwa mifano imetoka kwa watu wa jamii moja, programu huweza kukosea inapokutana na watu wa jamii nyingine.

Matumizi katika uuguzi wa nyumbani

Mfano unaojulikana ni Embrace, kifaa cha mkononi cha kampuni ya Empatica, ambayo Picard ni mmoja wa waanzilishi wake. Vipimo vya ngozi vilivyokusudiwa kufuatilia msongo vilionekana kupanda sana mgonjwa wa kifafa anapopatwa na degedege. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha Embrace kwa kazi hiyo. Kifaa hutambua degedege kutokana na mtikisiko wa mkono na hali ya ngozi, kisha humwarifu mwangalizi kupitia simu. Msaada wake hutegemea kuwapo kwa mtu aliye karibu, chaji na mtandao.

Faida hiyo ina maana kubwa mkoani Manyara, ambako Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwa mahali pa utafiti wa kifafa kwa muda mrefu. Katika nyumba zinazopikia kuni, mgonjwa anayeanguka akiwa peke yake anaweza kuungua vibaya.

Nchini Kenya, shirika la Jacaranda Health huendesha PROMPTS, huduma ya ujumbe mfupi kwa wajawazito na kina mama waliojifungua. Akili mnemba hupanga maswali yao kwa uharaka ili wahudumu waanze na yenye dalili za hatari. Huduma hiyo haipimi hisia moja kwa moja, lakini inakabiliwa na kazi iliyo karibu nayo: kuelewa shida ya mtu kutokana na maneno machache.

Changamoto za lugha

Mwaka 2023 watafiti walitoa AfriSenti, mkusanyo wa jumbe za Twitter katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, zilizopangwa kuwa chanya, hasi au za kati. Hata hivyo maneno peke yake hayatoshi. Mswahili akiulizwa habari hujibu "nzuri" hata kama anaumwa, kisha shida hufuata baada ya "ila" au "lakini". Vilevile, anayesema "nina mawazo" kwa kawaida hana maana ya fikra mpya, bali huzuni au wasiwasi.

Sauti nayo ina ugumu wake. Mjini Babati na maeneo ya jirani huzungumzwa Kigorowa na Kiiraqw ambazo ni lugha za Kikushi, Kidatooga ambacho ni cha Kiniloti, pamoja na Kirangi na Kimbugwe ambazo ni za Kibantu. Katika Kirangi, kama katika lugha nyingi za Kibantu, toni hubadili maana. Programu iliyozoea Kiingereza inaweza kudhani kuwa kupanda kwa sauti ni hasira, kumbe ni sehemu ya neno.

Ukosoaji na sheria

Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake walipitia tafiti nyingi na kuonyesha kuwa uso pekee si kipimo cha kuaminika cha hisia: mtu mwenye hasira si lazima akunje uso, na aliyekunja uso huenda anafikiri tu. Mwaka 2022 Microsoft ilitangaza kuondoa utambuzi wa hisia katika huduma yake ya kuchambua nyuso.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inakataza kukisia hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Katazo hilo lilianza tarehe 2 Februari 2025.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za kibayometria miongoni mwa taarifa nyeti. Suala la ridhaa ni gumu zaidi nyumbani, kwa kuwa kifaa kinachomsikiliza mgonjwa huwasikia pia watoto, wageni na majirani ambao hawakuulizwa.