Arafa ya Ndiyo au La

Juzi nilianza kusoma juu ya GI Bill, ile sheria ya Marekani inayowalipia masomo wanajeshi wa zamani, na kwa kuwa mkate wangu natafutia kwenye kuandika programu, sikuweza kuiacha hivi hivi.

Rais Roosevelt aliitia sahihi tarehe 22 Juni 1944. Kufikia 1956 maveterani wapatao milioni 7.8 walikuwa wamesoma au kufunzwa kazi kwa msaada wake. Fomu, karatasi na mihuri, basi.

Ikaja sheria mpya, Post-9/11 GI Bill, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2009. Hesabu zake ni kichwa kuuma: asilimia ya haki yako hutegemea muda uliotumikia jeshini, karo inatumwa chuoni, pesa za nyumba zinakuja kwako kulingana na gharama za mahali chuo kilipo. Mfumo wa kompyuta wa kufanya kazi hiyo haukuwa tayari, kwa hiyo makarani walishughulikia maombi mengi kwa mkono. Vyuo vikafunguliwa, pesa hazijafika, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Kuanzia tarehe 2 Oktoba serikali ikalazimika kutoa hundi za dharura, hadi dola 3,000 kwa mtu.

Ungedhani somo limeeleweka. Sheria ya 2017 ikaagiza kwamba pesa za nyumba zifuate tawi ambalo mwanafunzi anasomea hasa, si makao makuu ya chuo. Mbunge anaona ni sentensi moja. Sisi wa kodi (hii nyingine, ya programu) tunajua sentensi hiyo inagusa kila jedwali! Mfumo ulipaswa kuwa tayari Agosti 2018, haukuwa. Maelfu walicheleweshewa malipo tena, na Novemba mwaka huo serikali ikasogeza kazi hiyo hadi Desemba 2019.

Mwaka 2021 ilitolewa kandarasi ya dola milioni 453 ya kuujenga upya mfumo mzima. Mwaka huohuo wanafunzi wa Post-9/11 wanaopokea pesa za nyumba wakaanza kuulizwa kila mwezi, hata kwa arafa: bado unasoma? Jibu ndiyo au la. Awali chuo ndicho kilichoripoti. Usipothibitisha miezi miwili mfululizo, pesa za nyumba zinasimamishwa.

Naipenda arafa hiyo. Haihitaji nywila wala simu ya bei. Lakini angalieni nani anamuuliza nani. Aliyekuwa akingoja kwenye laini mwaka 2009 na 2018 alikuwa na swali lake yeye: pesa yangu imefika wapi? Mimi mwenyewe niliwahi kuandika programu ya kutuma arafa kwa wanafunzi, tukasahau kabisa kujenga sehemu ya kupokea. Majibu yao yalikuwa yakipotelea hewani, na ilipita wiki nzima kabla yeyote kati yetu kugundua.