Bega la Mpagazi, Shingo ya Karani

Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19 ulikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, na juu yake mkeka wake, chungu na silaha. Watu wa pwani walijitwika kichwani. Mnyamwezi alibeba begani, na bega lile likaota sugu. Njia kuu ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita kusini mwa Igunga ya leo, ikikata pori la Mgunda Mkali kuelekea Tabora.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, jirani na Tabora, Novemba 1857, alieleza kwa kirefu jinsi mizigo ilivyofungwa. Nguo zilikunjwa zikawa mtumba wa karibu mita moja na nusu, ukabanwa kwa fito ndefu. Kituoni mtumba haukulazwa chini, uliegemezwa kwenye mti. Asubuhi mpagazi alisogeza bega, akauchukua bila kuinama hadi ardhini. Pembe kubwa ya ndovu ilifungwa kwenye mpiko, wakaibeba wawili mzegazega. Hakuna daktari aliyewafundisha. Walijifunza njiani, safari baada ya safari.

Tena hawakubeba tu. Wengi wao walikuwa watu wa ujira, na mzigo ukizidi walibishana. Mwenye msafara akishikilia lake, walitua mizigo kwa pamoja au wakatoroka usiku. Kiuno cha mmoja kilikuwa shauri la kambi nzima. (Watumwa waliobebeshwa pembe njia ileile hawakuulizwa kitu, na tusiwasahau.)

Reli ilifika Tabora 1912, ikadhaniwa mabega yatapumzika. Miaka miwili baadaye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vikazuka. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wanaokaribia milioni moja, wengi kwa kulazimishwa; waliokufa kwa hesabu za serikali walizidi 95,000, wengi kwa maradhi. Tabora yenyewe ilitwaliwa na jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Baada ya vita Wanyamwezi wengi wakaenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Waliobaki walishika jembe, pamba na mpunga. Hadi leo, katika skimu ya Mwanzugi hapa Igunga, mpandikizaji wa mpunga hushinda ameinama, miguu ndani ya tope, na gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, hupanda lori juu ya mgongo wa mtu, ingawa sheria ya vipimo ipo.

Na karani je? Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia, katika toleo la 1713 la kitabu chake kuhusu maradhi ya kazi, aliwaweka wapagazi na waandishi ndani ya jalada moja: wale kwa uzito, hawa kwa kukaa kutwa na mkono usiopumzika. Miaka mia tatu baadaye, Uviko ulipoingia 2020, kazi ya meza ilihamia nyumbani, na sehemu yake haikurudi tena ofisini. Mtumishi anashinda kwenye meza ya mwajiri, usiku anamalizia taarifa sebuleni, kompyuta mpakato ikiwa juu ya meza ya chai. Kifaa hiki kina kasoro ya kuzaliwa: kioo na kibodi vimeshikana. Ukikishusha ili mikono ikae vizuri, shingo inainama. Ukikipandisha ili shingo inyooke, mabega yanapanda. Vitabu vichache chini yake na kibodi ya pembeni vinatosha kuvunja mtego huo, ila wachache hufanya hivyo kabla ya kuumia. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 waliishi na maumivu ya mgongo wa chini mwaka 2020.

Kwa maoni yangu, mpagazi alimzidi karani huyu kwa jambo moja: alikuwa na wenzake wa kutua nao. Kazi iliyotumwa kwa WhatsApp saa nne usiku haipimwi kwa frasila, na anayeipokea yuko peke yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya 2008, hulipa fidia kwa maradhi yatokanayo na kazi; aliyeumia shingo kwenye kochi lake atalazimika kwanza kuonyesha kwamba pale alikuwa kazini.